Siku Tatu za Msiba, Kanazawa

Chizuru Hosoe alimuua bibi yake Jumanne saa nne na robo asubuhi, mbele ya meza ya mkuu wake wa kazi, na wala hakuwa amepanga kumuua. Alikwenda pale kuomba likizo. Mkataba wake ulimpa siku kumi na mbili kwa mwaka, na katika miaka minne hakuwa amegusa hata moja, kwa sababu katika kile kiwanda cha pampu pale Gifu hakuna aliyezigusa. Mwaka uliotangulia msichana mmoja wa ofisi yao alichukua siku nne akaenda kuota jua kusini. Aliporudi alikuta meza yake imesogezwa kando ya mashine ya kutoa nakala. Hakuna aliyemsema, wote waliendelea kumsalimia kwa heshima zote, na mwezi wa tatu akaacha kazi mwenyewe.

"Mkuu, samahani sana. Naomba siku tatu kuanzia kesho," alisema Chizuru.

Mzee Haga aliinua macho kutoka kwenye makaratasi. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa afadhali angekuwa mtu mbaya.

"Nyumbani kuna tatizo?"

Chizuru alikuwa ameandaa maneno kuhusu jino. Lakini mwenye jino hupewa saa mbili, jioni anatarajiwa amerudi mezani, na kinywa chake kililijua hilo kabla yake yeye.

"Bibi yangu amefariki."

Mzee Haga alisimama. Alikuwa amemzika mama yake vuli iliyopita, na uso wake ulibadilika pale pale. "Yule aliyekulea?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Pole sana, Bi Hosoe. Pole sana. Mkesha ni lini?"

"Kesho. Lakini ni sisi wa nyumbani tu. Tafadhali msijisumbue, wala maua, wala telegramu. Tafadhali sana."

Akainama, naye Mzee Haga akainama chini kumpita, na Chizuru akatoka akidhani amefunga mlango. Kumbe ameuacha wazi, kwa kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya. Kwetu kila mfiwa husema msijisumbue. Ndilo neno lake. Na kila mwenye adabu zake hulisikia, akaitikia, kisha akaenda kutafuta suti yake nyeusi. Anwani ilikuwa ndani ya faili, kwa mwandiko wa Chizuru mwenyewe, kwenye mstari wa jamaa wa karibu. Aliandika pale jina la Bibi Kinu siku alipoajiriwa, kwa sababu hakuwa na jina jingine la kuandika.

Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka mitatu. Mama akaolewa tena huko kaskazini na kuanza ukurasa mpya ambao mtoto hakuwamo. Mama wa baba, Bibi Kinu, ndiye aliyembeba mgongoni akivuna mpunga, ndiye aliyemsomesha kwa kuuza figili za kuchachuka, ndiye aliyemsindikiza stesheni alipokwenda chuo na kusimama pale hadi treni ilipopotea. Mwaka Mpya uliopita alimsubiri. Chizuru alipiga simu: kazi zimembana, hapati nafasi, atakwenda Februari bila kukosa.

"Nitakuwekea mochi," Bibi Kinu alisema, yaani yale madonge ya mchele wa kutwanga ya Mwaka Mpya. "Kwenye baridi hii haziharibiki."

Februari ikafika, na Februari ilikuwa na watu wengine.

Watu wenyewe walikuwa wawili. Rumi alikuwa muuza vipodozi wa Osaka, mtu wa kuongea hadi usingizini. Orie wa Nagoya alikuwa mpole, na mwezi wa tatu alikuwa anaolewa Kagoshima, kwenye nyumba ya watengeneza mchuzi wa soya, ambako mama mkwe alikwishasema kwamba wake wa nyumba ile hawana desturi ya kutembea. Watatu hao walilala chumba kimoja kwa miaka miwili katika chuo cha ukatibu, na waliahidiana kwamba kabla wa kwanza hajaolewa wataiona Kanazawa na theluji yake. Siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa. Orie hakuwa na siku nyingine zaidi ya hizo.

Jumatano asubuhi theluji ilikuwa inadondoka Kanazawa kwa utaratibu, kama kitu kilichoajiriwa. Rumi alishuka kwenye treni na viatu vya ngozi vyenye kisigino. Barabarani mabomba ya kuyeyushia theluji yalikuwa yanarusha maji, na kabla hawajafika kituo cha basi viatu vile vilikuwa vimekwisha kazi.

"Nani aliweka bafu katikati ya barabara?" Rumi aliuliza.

"Umeambiwa uje na mabuti," alisema Orie.

"Nimeambiwa. Nilidhani ni ushauri."

Wakaingia duka la wavuvi wakamnunulia mabuti ya mpira meusi, ya kufika magotini, na Rumi akatembea nayo siku zote tatu huku akidai kwamba huo ndio mtindo utakaofuata. Wakati wanasubiri chenji akamgeukia Chizuru.

"Na wewe umepataje ruhusa? Si ulisema kwenu hata kuumwa kunahitaji barua?"

Chizuru akawaambia. Alidhani watanyamaza. Rumi alicheka mpaka akashika meza, na Orie, aliyejaribu kujizuia, akacheka kwa pua.

"Umemzika bibi wa watu akiwa hai?"

"Sikumzika. Nilisema tu."

"Amekufa kwa nini?"

"Sikuulizwa."

"Basi amekufa kwa baridi," Rumi aliamua. "Masikini. Jamani, huyu ni mfiwa, mchukulieni mkoba."

Kuanzia hapo jina lake likawa Mfiwa. Mfiwa, sogea tupigwe picha. Mfiwa, futa machozi, basi limefika. Katika soko la samaki walisimama mbele ya kaa wekundu waliolazwa chali juu ya barafu, wakala kaa mdogo jike mwenye mayai kwa vijiti, wamesimama, vidole vimekufa ganzi, na Rumi akaweka mguu mmoja wa kaa pembeni ya sahani.

"Huu ni wa marehemu. Alipenda kaa?"

"Hajawahi kula," Chizuru alisema. Lilimtoka hivi hivi, na baada ya kulisema alikaa na mguu ule wa kaa mbele yake asijue aufanye nini. Mwishowe Rumi aliula.

Lazima isemwe kwamba alifurahi. Angekuwa hakufurahi, hadithi hii ingekuwa nyepesi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa miaka minne alikuwa ameona dari ya ofisi na dari ya chumba chake. Kwenye bustani kubwa misonobari ilikuwa imefungwa kamba kutoka kileleni hadi kwenye ncha za matawi ili theluji isiyavunje, na watatu wao walisimama chini ya mmoja wakitazama juu kama watoto chini ya mwavuli wa baba. Ngurumo zikapiga, zile za majira ya baridi, na mama mmoja mfagia njia akawaambia zimeamsha samaki huko baharini, kesho watauzwa rahisi. Orie alimshika Chizuru mkono ndani ya mfuko wa koti.

"Nikiwa kule Kagoshima, nitakumbuka leo," alisema.

"Utatuandikia."

"Nitaandika. Sijui kama nitaposta."

Jioni ile walikula na kucheka hadi mwenye nyumba ya wageni akaja kuwaomba wapunguze. Saa hizo hizo, kwenye kijiji kilichoko saa moja na nusu juu ya mto kutoka Gifu, mlango wa Bibi Kinu ulikuwa umekwishafunguliwa na kufungwa. Lakini hilo Chizuru hakulijua mpaka kesho yake.

Kesho yake, Alhamisi, walipita mtaa wa nyumba za zamani ambako kuta za udongo huvishwa mikeka ya majani wakati wa baridi, kisha wakaingia duka la vitamu lililo karibu na soko. Rumi alikuwa anaonja kila kilichowekwa cha kuonjwa. Chizuru alitazama, akachagua, akasogea kwa muuzaji.

"Nipe boksi la vipande ishirini na vinne. Kila kimoja kifungwe peke yake, tafadhali."

Muuzaji akaanza kufunga karatasi. Rumi akaja na mdomo umejaa.

"Vipande ishirini na vinne vya nani?"

"Vya ofisini. Tuko ishirini na watatu, na kimoja cha—"

Rumi alikuwa anamtazama, na kicheko chake kilikuwa kinapanda polepole kama maji ya chai.

"Mfiwa," alisema, "utawapelekea zawadi za safari kutoka mazishini?"

Mwili wa mtu wa kwetu ukisafiri hununua boksi. Akili haishirikishwi. Angelifikisha Jumatatu, angepita meza hadi meza akigawa vitamu vyenye jina la Kanazawa, na angekuwa amefika meza ya kumi kabla ya kushtuka. Orie alicheka, hata muuzaji alicheka bila kujua anacheka nini. Chizuru alicheka pia, lakini alikuwa ameona jinsi uongo ule ulivyo na matundu. Kama amesahau hili, amesahau nini kingine?

"Badilisha," alimwambia muuzaji. "Boksi dogo. La mtu mmoja." Lilikuwa la Bibi Kinu. Na ndipo alipotaka ghafla kusikia sauti yake, asikie tu kwamba yupo, anakohoa, anagombana na paka. Nje ya duka palikuwa na simu ya umma ya kijani. Akachomeka kadi.

Ililia mara nane. "Hosoe hapa," Bibi Kinu alisema.

"Bibi, ni mimi."

Bibi Kinu alikuwa na kawaida ya kusema *ee, mama*, na kuuliza kama amekula. Mara hii aliuliza jingine.

"Uko wapi?"

"Kazini."

Nyuma ya Chizuru, mlangoni mwa soko, mwanamume mwenye sauti ya kengele alikuwa anaita wateja: kaa, kaa wa leo, kaa wawili kwa bei ya mmoja.

"Kazini kwenu siku hizi mnauza kaa?" Bibi Kinu aliuliza.

Chizuru alifunika simu kwa kiganja. Kadi ilikuwa inahesabu pointi zake kwenye kioo kidogo, arobaini na moja, arobaini.

"Jana nilikuwa na wageni," Bibi Kinu aliendelea, kwa sauti ya kusimulia habari za hali ya hewa. "Watu wa heshima. Mzee mmoja na binti mmoja, wamevaa nyeusi tupu. Wamepanda mlima wote ule kwa miguu, basi lilikwama. Nimewapa chai."

"Bibi."

"Fanya kazi basi. Usiharakishe kurudi kwa ajili yangu. Baridi ni kali."

Akakata yeye. Chizuru alibaki ameshika simu hadi mashine ilipomtemea kadi na kuanza kupiga kelele ili aichukue.

Aliporudi kwa wenzake hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Rumi aliacha kucheka, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima.

"Kuna treni ya saa nane," alisema. "Ukiondoka sasa, jioni uko kwake."

Ndivyo alivyosema, na asilaumiwe baadaye. Orie alisimama pale na mwavuli wake, theluji inamwangukia begani upande ambao mwavuli haukufika, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Ilikuwa siku yake ya pili kati ya tatu alizobakiwa nazo.

"Kilichoharibika kimeshaharibika," alisema Chizuru. Alijisikia akilisema kwa sauti ya mtu mwenye busara. "Nikienda leo au kesho, ni yale yale. Nitakwenda kesho."

Alibaki. Jioni walikula mlo wa kaa waliokuwa wameuagiza tangu Desemba, miguu, mayai, ubongo uliochomwa ndani ya gamba lake, na hakuna aliyemwita Mfiwa. Ijumaa asubuhi walipiga picha ya mwisho kwenye daraja. Picha hiyo bado ipo. Rumi na mabuti yake kushoto, Orie kulia, Chizuru katikati ameinua vidole viwili, na mtu asiyejua angesema ndiye mwenye furaha kuliko wote.

Alifika kijijini saa tisa alasiri na boksi lake. Njia ya kupandia kwa bibi ilikuwa imefukuliwa theluji, upana wa koleo moja, kazi ya mwanamke wa miaka sabini na minane.

Alifungua mlango wa kusukuma. "Nimerudi," aliita, kama alivyoita kila siku aliporudi shule.

"Karibu," Bibi Kinu alijibu kutoka ndani. Hakusema umerudi. Alisema karibu, neno la wageni.

Alikuwa ameketi kwenye meza fupi yenye blanketi na moto chini yake, anachambua maharage mekundu. Alitoa mto wa kukalia, ule wa hariri unaokaa kabatini mwaka mzima, akauweka upande wa heshima. Alimimina chai kwenye kikombe cheupe chenye kifuniko. Kikombe cha Chizuru, kile cha bluu chenye ufa alichokinywea tangu ana miaka mitatu, kilikuwa pale pale kwenye rafu yake, na Bibi Kinu alinyoosha mkono kukipita.

"Njia ilikuwaje, Bi Chizuru?"

"Bibi, nisamehe."

"Kunywa kabla haijapoa."

Kwenye kona ya chumba, kabati dogo la kuwaombea marehemu wa nyumba lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kibao chenye jina la babu na kibao chenye jina la baba yake, kama siku zote. Mbele yao sasa kulikuwa na picha kubwa kwenye fremu nyeusi: Bibi Kinu, kwenye kimono chake kizuri, nywele zimechanwa, anatazama mbele bila kucheka. Utepe mweusi ulikuwa umefungwa juu yake. Vijiti vya udi vilikuwa vimewaka na kuisha, majivu yao yameinama.

Chizuru aliijua picha ile. Wazee wote wa kijiji walipigwa siku moja, miaka mitatu nyuma, mpiga picha alipoletwa kwa punguzo ili kila mmoja awe na ya kwake siku ikifika. Bibi Kinu aliificha chini ya blanketi za majira ya joto.

"Nilifungua mlango," alisema Bibi Kinu, akiendelea na maharage. "Nikaona nyeusi. Yule mzee akajitaja, Haga, wa kiwanda cha pampu. Akainama mpaka theluji ikamwangukia kutoka kichwani. Akasema poleni sana kwa msiba huu mkubwa. Sasa mimi nimjue nani mwingine kwenye kiwanda cha pampu?"

Aliokota harage bovu akaliweka pembeni.

"Nilijua ni wewe umekufa. Nilikaa pale mlangoni nikiwa najua hivyo. Sijui ni muda gani. Yeye alikuwa anaongea na mimi sisikii, natazama mdomo wake. Niliwaza mashine imekukamata. Niliwaza nani amekuvalisha. Kisha nikasikia anasema, marehemu bibi yake. Anasema, Bi Hosoe ana huzuni kubwa kwa kumpoteza bibi yake. Nilipojua kuwa aliyekufa ni mimi, Chizuru, nilifurahi. Nilimshukuru yule mzee kwa moyo wote. Yeye akadhani namshukuru kwa ajili ya udi."

Chizuru aliweka paji la uso kwenye mkeka. Alikuwa analia na Bibi Kinu aliacha alie, hakumzuia wala hakumgusa.

"Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mdogo wa marehemu. Nikamwambia mwili bado uko hospitali, wewe umekwenda kuufuata, na asubiri, chumba hakijapangwa. Nikatoa picha, nikakata utepe kwenye lile gauni lako la shule. Tukakaa pamoja tukamwashia udi. Alilia yule mzee. Alilia kuliko wewe. Akamsimulia marehemu habari zako, kwamba wewe ni mfanyakazi ambaye hajapata kuona mfano wake. Akasema, hata Mwaka Mpya huu, kiwanda kilipofungwa siku sita, nilimwambia nenda kamwone bibi yako. Akanijibu nyumbani hakuna shughuli, nitapumzika chumbani."

Maharage yaligonga bakuli, moja moja.

"Siku sita," Bibi Kinu alisema. "Nilikuwa nimetwanga mochi."

Chizuru alifanya linalofanywa na watu wa kwetu wasio na la kusema. Alitoa boksi la Kanazawa kwenye mkoba, akalisukuma mbele kwa mikono miwili.

"Ni kitu kidogo sana."

Bibi Kinu alilipokea kwa mikono miwili pia, akalisoma jina, akainuka kwa kujishika magoti. Alikwenda akaliweka kabatini mbele ya picha, akapiga kengele ndogo.

"Dada," alisema, "mjukuu wako amekuletea vitamu."

"Bibi, iondoe hiyo picha. Nakuomba. Jumatatu nitamwambia Mkuu ukweli wote."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Basi siku utakayomwambia, njoo uiondoe mwenyewe. Mimi sitaigusa."

Jumatatu Mzee Haga alimwita mezani. Chizuru alikwenda na maneno yamejipanga mdomoni. Lakini mzee alianza yeye, kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie.

"Yule mdogo wa bibi yako yuko peke yake mlimani. Mama yangu pia aliishi hivyo, na mimi nilikuwa na kazi nyingi. Katika Jumamosi zetu za kazi, moja kila mwezi ondoka saa sita, ukamwone. Hakuna atakayekusema, nimeshawaeleza."

Watu ishirini na wawili walikuwa wameinamia makaratasi yao, wote wameelezwa. Meza ya kando ya mashine ya nakala ilikuwa tupu. Chizuru aliiangalia.

"Asante sana, Mkuu," alisema.

Hivyo akaenda Jumamosi moja kila mwezi, kwa miaka saba. Hakuwa amewahi kumwona bibi yake mara nyingi hivyo tangu aondoke kwake. Kila mara alikuta mto wa hariri, kikombe cha kifuniko, na Bibi Kinu mwenye adabu zote, akimuuliza habari za njia. Hakuruhusiwa kuosha vyombo. Mara nyingine Bibi Kinu alisema, "Marehemu dada yangu angefurahi kukuona," na alilisema bila ubaya, kwa sauti ya mtu aliyezoea. Mara moja tu, alipokuwa na homa, alimwita Chizu na kumuuliza kama amekula. Orie aliandika kadi mbili kutoka Kagoshima, kisha hakuandika tena. Chizuru alipandishwa cheo. Kila Jumapili jioni aliamua atasema, na kila Jumatatu asubuhi alimkuta Mzee Haga amemtangulia kwa salamu.

Mwaka wa saba, Februari tena, jirani wa bibi, Bi Masae, alimpigia simu nyumbani Jumatano jioni. Bibi Kinu alikutwa kwenye njia yake, koleo mkononi, theluji imeanza kumfunika.

"Tutauchoma mwili wake Ijumaa saa nne," Bi Masae alisema. "Jumamosi tanuri limefungwa, kalenda inasema ni siku mbaya ya kuzika. Utafika, si ndiyo?"

Alhamisi asubuhi Chizuru alisimama mbele ya meza ile ile. Mzee Haga alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu.

"Mkuu, bibi..." alianza.

"Mdogo wa bibi yako?" Uso wa mzee ulianguka. "Jamani. Yule aliyenipa chai."

Alifungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole taratibu. Mzazi, siku tano. Bibi aliyekulea, siku tatu. Alifika mwisho wa ukurasa, akavua miwani.

"Ndugu wa bibi hayumo, Bi Hosoe. Hata siku moja. Na wiki hii ni ya kuhesabu mali ghalani, wewe ndiye mwenye orodha." Alifikiri. "Lakini Jumamosi nenda, tena nenda tangu asubuhi. Hilo nakuahidi."

Angeweza kusema hapo. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Ni bibi yangu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, alikuwa na zaidi ya siku mia za likizo zilizooza kwenye makaratasi, na hakuna ambaye angemfunga. Alimtazama mzee yule ambaye macho yalikuwa yameanza kumlowa kwa ajili ya kikombe cha chai. Watu nyuma yake walikuwa wameacha kuandika.

"Asante sana, Mkuu," alisema, akainama.

Jumamosi alipofika, Bi Masae alimkabidhi chungu cha mifupa kilichofungwa kitambaa cheupe. Majirani walikuwa wameiokota wao kwa vijiti, wawili wawili, kazi iliyopaswa kuwa ya ndugu wa damu.

"Tulikusubiri mpaka saa nne na nusu," Bi Masae alisema. "Wa tanuri akasema hawezi tena."

"Samahani kwa usumbufu wote."

"Usumbufu gani? Hatukuwa na la kufanya. Tulikuta kila kitu tayari, hata picha imeshawekwa, hata utepe." Bi Masae alitikisa kichwa kwa kusifu. "Bibi yako alikuwa mtu wa kujiandaa."

Chizuru aliitazama picha. Utepe ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai. Alisema ndiyo, alikuwa mtu wa kujiandaa.